Nyumbu Wakizaa, Ng'ombe Huhama

Kila mwaka, kati ya Januari na Machi, nyumbu wa Serengeti huteremka kwenye nyanda za nyasi fupi kusini mwa hifadhi na kuzaa karibu wote kwa mpigo. Ndani ya wiki tatu hivi sehemu kubwa ya ndama wa mwaka huo wanakuwa wameshazaliwa, na ndama wa nyumbu hana muda wa kupoteza: dakika chache baada ya kuanguka chini yuko wima, anamfuata mama yake. Hawaendi pale kwa bahati. Udongo wa nyanda zile umetokana na majivu ya volkano, nyasi zake zina kalisi na fosforasi kwa wingi, na jike anayenyonyesha hapati malisho yanayozidi hayo katika mzunguko wake wote wa mwaka.

Ng'ombe naye angeyafurahia. Lakini mfugaji wa Kimaasai, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka, akiona nyumbu wa kwanza amezaa huswaga ng'ombe wake kwenda kwingine: milimani, vichakani, penye nyasi ngumu na kupe tele. Anaacha malisho mazuri kuliko yote, tena majuma yale yale ambayo yamestawi. Ukimwuliza sababu, atautaja ugonjwa kwa jina la mnyama mwenyewe, *engati*. Kwa Kiswahili cha wafugaji ni ugonjwa wa nyumbu.

Ugonjwa huu huja kimyakimya. Ng'ombe aliyepitisha pua mahali palipodondoka ute wa ndama wa nyumbu haonyeshi lolote kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Nyumbu wameshaondoka, uwanda umeshakauka, mwenye kundi ameanza kupumua, ndipo mnyama mmoja anaacha kula. Homa inapanda. Macho yanavuja machozi na kuukimbia mwanga. Ukungu mweupe unaanzia pembezoni mwa jicho na kusogea ndani mpaka ng'ombe anapofuka. Makamasi, mepesi mwanzoni, yanakuwa mazito na kuziba pua. Pua na midomo inachubuka, tezi zinavimba. Kati ya ng'ombe 100 wanaofikia hatua hii zaidi ya 95 hufa, na dawa haipo. Faraja ni moja tu, nayo ni ndogo: ng'ombe mgonjwa hamwambukizi mwenzake, wala hamwambukizi mchungaji. Kirusi kikishaingia ndani ya ng'ombe kimefika mwisho wa safari, kinakufa naye.

Kwa nini basi nyumbu haugui? Kirusi hiki ni cha ukoo wa herpesi, na binadamu naye amebeba jamaa zake wengi: kile cha tetekuwanga, kile cha malengelenge ya mdomoni, na kile cha Epstein-Barr, ambacho kilikuja kuhusishwa na uvimbe wa taya za watoto ulioelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda. Desturi ya ukoo huu ni kuingia mwilini mara moja na kutotoka tena. Kwa mwenyeji aliyekizoea kwa vizazi visivyohesabika, kirusi hujikunyata ndani ya seli na kukaa kwa adabu. Kikiangukia kwa mgeni, adabu inaisha. Seli nyeupe za ng'ombe, zile zile zilizopaswa kumlinda, huanza kuongezeka bila mpango, zikavamia macho, pua, utumbo na ubongo.

Haya yote yalichukua muda mrefu kujulikana. Makaburu wa Afrika Kusini waliuita ugonjwa huu *snotsiekte*, yaani ugonjwa wa makamasi, nao pia walimshuku nyumbu. Mwaka 1923 mtafiti R. W. M. Mettam alichapisha matokeo ya jaribio rahisi lakini zito: alichukua damu ya nyumbu mzima, asiye na dalili hata moja, akawadunga ng'ombe, nao wakaugua. Miaka michache baadaye, Ujerumani, ugonjwa wenye sura ile ile ulionekana kuwafuata ng'ombe waliochanganyika na kondoo. Huko aliyebeba kirusi bila kuumwa alikuwa kondoo, na kirusi chake ni ndugu wa hiki cha nyumbu. Kisa hicho ni kirefu na kina mwendo wake, hivyo nakiacha hapo.

Kenya nayo ilikuwa na maabara ya mifugo huko Kabete, na humo mwaka 1936 Robert Daubney na J. R. Hudson waliripoti jinsi walivyouhamisha ugonjwa kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine, na hata kwa sungura. Wawili hawa walikwisha kujulikana: miaka mitano kabla ya hapo walikuwa miongoni mwa walioieleza homa ya Bonde la Ufa kwa mara ya kwanza, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha. Lakini ugonjwa wa nyumbu uliwasumbua kwa namna yake. Nguvu ya kuambukiza ilikaa ndani ya seli hai za damu na tezi. Seli zikifa, ugonjwa nao unapotea mkononi. Hapakuwa na kitu cha kuchuja, kukausha au kuweka kwenye chupa. Kumtengenezea chanjo adui usiyeweza kumshika ni kazi ya kubahatisha.

Aliyemshika alikuwa Walter Plowright, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1923, daktari wa mifugo aliyeijua Kenya kwanza akiwa askari wa vita kuu ya pili. Kuanzia mwaka 1956 alifanya kazi Muguga, nje kidogo ya Nairobi, kwenye kituo cha utafiti wa mifugo kilichohudumia Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja. Muguga ya miaka ile ilikuwa mahali pa ajabu. Ndipo baadaye ilipotokea pia chanjo ya ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, ambayo wafugaji wengi wa kaskazini mwa Tanzania wanaifahamu leo kwa alama ya hereni kwenye sikio la ndama.

Plowright alikuwa na maadui wawili mezani. Wa kwanza alikuwa sotoka. Yeyote aliyelelewa kwenye boma la wafugaji amesikia habari za sotoka, kama si kwa jina hilo basi kwa jina la kwao. Ilifika Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, na kufikia mwaka 1892 ilikuwa imefagia ng'ombe wa Umasaini kiasi kwamba wazee waliuita wakati ule *emutai*, kumalizika kabisa. Mtu bila ng'ombe hakuwa na maziwa wala mahari, na njaa ilifuata, pamoja na ndui. Sotoka haikuishia kwa ng'ombe. Nyati na nyumbu nao walikufa, na kwa miaka mingi baadaye ikawa inarudi Serengeti karibu kila mwaka na kuwachukua nyumbu wachanga waliokwisha kuacha kinga ya maziwa ya mama.

Mbinu aliyoitumia Plowright, pamoja na R. D. Ferris, ilikuwa kukuza kirusi cha sotoka ndani ya seli za figo za ndama zilizooteshwa kwenye vyombo vya kioo. Walichukua aina iliyoitwa Kabete O, wakaihamisha kutoka chombo hadi chombo, karibu mara 90, hadi ikasahau namna ya kuua ng'ombe lakini haikusahau namna ya kuufundisha mwili wake. Sindano moja ilimkinga mnyama maisha yake yote. Ilikuwa ya bei nafuu, ilifaa kwa kila aina ya ng'ombe, na haikuhitaji mbuzi wala sungura wa kuikuzia kama zile za kale. Chanjo hiyo ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa wa kampeni zilizofuata kote Afrika na Asia. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1999 na akafariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata, 2011, dunia ilitangaza kwamba sotoka haipo tena: ugonjwa wa pili kufutwa kabisa duniani baada ya ndui.

Adui wa pili alikuwa huyu wetu. Kwa kutumia vyombo vile vile vya kioo, safari hii vikiwa na seli za tezi ya shingo ya ndama, Plowright, Ferris na G. R. Scott waliweza kukiotesha kirusi kilichotoka kwa nyumbu wasio na ugonjwa wowote. Walitangaza habari hiyo mwaka 1960 kwenye jarida la *Nature*. Sasa adui alikuwa na sura, na angeweza kuwekwa kwenye chupa. Kwa kuwa sotoka ilikuwa inarudi nyuma kwa mbinu hiyo hiyo, kwenye maabara hiyo hiyo, mtu yeyote angetarajia kwamba chanjo ya ugonjwa wa nyumbu ilikuwa imebakiza hatua chache.

Haikuwa hivyo, na katikati hapo lilitokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa hiki.

Katika miaka ile ng'ombe waliozunguka Serengeti walikuwa wakichanjwa sotoka, kwanza kwa chanjo za kizamani, kisha kwa ile mpya. Plowright na wenzake walipima damu za wanyamapori wa kaskazini mwa Tanganyika na kusini mwa Kenya kati ya mwaka 1960 na 1963 na kuona kitu ambacho si wengi walikitegemea: nyumbu waliozaliwa karibuni hawakuwa na alama ya kukutana na sotoka. Ugonjwa ulikuwa umekatika. Kumbe nyumbu hawakuwa ghala la sotoka. Walikuwa wakiipata kutoka kwa ng'ombe, na ng'ombe walipokingwa, nyumbu nao walipona bila kuguswa na sindano. Ndama waliokuwa wakifa sasa wakawa wanakua. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa robo milioni hivi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, baada ya kupata pia miaka kadhaa ya mvua nzuri wakati wa kiangazi, walipita milioni 1.3.

Watalii wanaopiga picha za nyumbu wakivuka mto Mara, bila kujua, wanapiga picha za matokeo ya chanjo ya ng'ombe. Lakini kwa mfugaji wa Ngorongoro au Loliondo hesabu ilikuwa nyingine. Kila nyumbu jike aliyeongezeka ni ndama mmoja zaidi mwezi wa Februari, na kila ndama ni pua moja zaidi inayodondosha kirusi kwenye nyasi. Chanjo iliyowaokoa ng'ombe wake na sotoka iliufanya ugonjwa wa nyumbu uwe mkubwa kuliko ulivyokuwa kwa babu yake. Hakuna aliyekosea. Ndivyo wanyama wawili wanaogombea nyasi moja wanavyofungamana: ukimvuta mmoja, mwingine naye anasogea.

Plowright aliendelea kujaribu. Alikuwa na kirusi kilichotoka kwa nyumbu, na kingine kilichopewa namba C500, kilichotolewa kwa maksai wa Kenya aliyekuwa akiugua. Jaribio la kawaida la wakati ule lilikuwa kukiua kirusi, kukichanganya na mafuta ya kuamsha kinga, na kumdunga ng'ombe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1975 yalikuwa ya kukatisha tamaa kwa namna ya pekee. Damu za ng'ombe waliochanjwa zilijaa kingamwili, na ndani ya chupa kingamwili hizo zilikizima kirusi vizuri sana. Lakini ng'ombe wale wale walipopewa kirusi kikali walikufa. Ingekuwa rahisi kuvumilia kama chanjo isingefanya lolote. Hii ilifanya kila ambacho kitabu kilisema inapaswa kufanya, isipokuwa kumwokoa ng'ombe.

Jibu halikupatikana upande wa ng'ombe. Lilipatikana kwa kumwangalia ndama wa nyumbu kwa subira, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na watu waliobaki Muguga na Kabete baada ya Plowright kurudi kwao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na kituo kilichokuwa cha nchi tatu kikawa cha Kenya peke yake. Utafiti uliendelea hivyo hivyo. E. Z. Mushi, akiwa na Lars Karstad na D. M. Jessett, walifuta machozi na makamasi ya ndama wa nyumbu na mwaka 1980 wakaeleza walichokiona: humo kirusi kilielea peke yake, nje ya seli. Hili lilikuwa kinyume cha hali ya ng'ombe mgonjwa, ambaye kirusi chake kimefungwa ndani ya seli zake. Ndiyo maana ndama wa nyumbu anaambukiza, na ng'ombe anayekufa haambukizi. Kirusi kilicho nje ya seli husafiri vizuri kwenye ubaridi na unyevu wa asubuhi, na jua kali hukiua upesi.

Wafugaji wengi walikuwa wakililaumu kondo la nyuma la nyumbu, lile linalobaki kwenye nyasi baada ya kuzaa, na kulikwepa kwa kila njia. Paul Rossiter, Jessett na Mushi waliyapima makondo na maji ya uzazi, na mwaka 1983 wakaandika kwamba chanzo hakikuwa hapo. Hata hivyo si haki kusema wafugaji walikosea. Mnyama walimjua, msimu waliujua, umri wa hatari waliujua, na hatua waliyochukua ilikuwa ndiyo. Walichokosea ni sehemu ya mwili tu.

Ndama wa nyumbu alikuwa na siri nyingine. Kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo anamwaga kirusi kwa wingi. Kisha, anapokaribia umri huo, kingamwili zinajitokeza kwenye ute wa pua yake mwenyewe, na kumwaga kunakoma. Kinachokizuia kirusi si kinga iliyojaa ndani ya damu ya nyumbu. Ni mlango wa pua kufungwa. Na ng'ombe wa Plowright walikufa kwa sababu kinga yao yote ilikuwa imejipanga sebuleni huku mlango ukiwa wazi. Kirusi kiliingia puani, kikajitia ndani ya seli, na tangu hapo kikasambaa kutoka seli hadi seli bila kutoka nje ambako kingamwili zingekikuta.

Aliyelihamisha swali hili kwenda ng'ambo alikuwa Hugh Reid, aliyefanya kazi Muguga kwenye virusi vya nyumbu na kongoni kabla ya kwenda taasisi ya Moredun, karibu na Edinburgh. Moredun ilitokana na chama kilichoanzishwa na wafugaji wa Scotland mwaka 1920, watu waliochoka kufiwa na kondoo wao, na ilikuwa tayari inashughulika na ule ugonjwa ndugu, wa kondoo. Huko kirusi C500, kile cha maksai wa Kenya, kilihamishwa kutoka chombo hadi chombo kama Plowright alivyofanya na sotoka. Tofauti ni kwamba sotoka ilisalimu amri baada ya mara 90 hivi, na C500 kilihamishwa zaidi ya mara 1,000. Katika safari hiyo ndefu vipande vya urithi wake vilivurugika, na ukali ukakitoka.

Kundi la David Haig, George Russell na Reid mwenyewe halikukiua kirusi hicho. Walikiacha hai kikiwa dhaifu, wakakichanganya na kiamsha kinga chenye mafuta, na wakachagua kwa makusudi mahali pa kudunga: msuli wa juu wa shingo, karibu na tezi zinazohudumia pua na koo. Nia ilikuwa kingamwili zitoke puani, kama kwa ndama wa nyumbu. Mwaka 2008 walichapisha matokeo: kingamwili zilionekana kwenye ute wa pua, na ng'ombe wengi waliochanjwa walistahimili kirusi kikali kilichopuliziwa puani mwao. Kazi iliyofuata, iliyochapishwa mwaka 2012, ilionyesha kinga ikidumu hadi miezi 6. Kwa ugonjwa wa msimu mmoja kwa mwaka, miezi 6 ni mingi kuliko inavyosikika.

Wakati huo huo, Ubelgiji, Benjamin Dewals na wenzake wa chuo kikuu cha Liège walipita njia nyingine. Badala ya kukichosha kirusi kwa kukihamisha, walikikata jeni moja, ile inayokiwezesha kuendelea kukaa kwa siri ndani ya seli zinazogawanyika. Bila hiyo sungura hawakuugua, na walikingwa dhidi ya kirusi kamili. Ni kazi safi ya maabara, na huenda siku moja ikawa bora kuliko ile ya Scotland. Lakini sungura si ng'ombe, na Edinburgh si Simanjiro.

Simanjiro, uwanda wa kaskazini mwa Tanzania, ndiko chanjo ya Moredun ilikopelekwa kujaribiwa. Nyumbu wa Tarangire, mvua zikianza, hutoka hifadhini na kwenda kuzaa kwenye uwanda huo, katikati ya vijiji vya Wamaasai. Felix Lankester, pamoja na Ahmed Lugelo, Julius Keyyu, Rudovick Kazwala, Sarah Cleaveland na wengine, walinunua ng'ombe, wakachanja 50 na kuacha 50, kisha wakafanya kile ambacho hakuna mfugaji timamu angekifanya: waliwachunga kuelekea kwenye nyumbu wanaozaa. Walirudia msimu uliofuata. Ripoti yao ya mwaka 2016 ilisema kwamba chanjo ilipunguza maambukizi kwa asilimia 56. Je, iliokoa maisha? Hapo jaribio lilikosa jibu, kwa sababu ya ajabu: ng'ombe waliokufa walikuwa wachache mno katika makundi yote mawili, hata kulinganisha hakukuwezekana. Baadhi ya ng'ombe waliambukizwa na hawakufa. Wale walikuwa chotara wa zebu, ng'ombe wa huku huku, si wale weusi kwa weupe wa Ulaya waliotumika Scotland. Inawezekana kwamba ng'ombe ambao babu zao waliishi karibu na nyumbu wamejifunza kitu. Hii ni dhana yangu, lakini ni dhana inayostahili kuchunguzwa.

Jibu kuhusu vifo lilitoka Kapiti, shamba la mifugo kusini mashariki mwa Nairobi linalomilikiwa na taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, ambako nyumbu na ng'ombe bado wanakula uwanda mmoja. Mwaka 2016 ng'ombe 146 waligawanywa kwa kura, nusu wakapata chanjo na nusu wakapata sindano isiyo na kirusi, halafu wakachungwa pamoja na nyumbu. Elizabeth Cook na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2019: kinga dhidi ya kufa ilizidi asilimia 80. Kirusi kilichokuwa ndani ya sindano zile kilikuwa uzao wa kile cha maksai wa Plowright. Kilikuwa kimezunguka kwenye majokofu na vyombo vya kioo kwa zaidi ya miaka 40 na kurudi nchi kilikotoka.

Ingependeza hadithi iishie hapo, lakini chanjo iliyofaulu kwenye jaribio haijawa bado chanjo ya duka la pembejeo. Inataka sindano mbili zinazopishana kwa wiki kadhaa, na zote ziwe zimepita kabla nyumbu wa kwanza hajazaa. Maana yake ni kukusanya ng'ombe kabla mwaka haujageuka, wakati makundi yametawanyika kwenye maronjo, kambi za muda za wachungaji, kutafuta majani, na kubeba kirusi hai kwenye barafu mpaka huko. Mwenye kiwanda naye anajiuliza: soko ni la nani? Ugonjwa huu wa nyumbu unawapata wafugaji wanaoishi anapoishi nyumbu, yaani sehemu za Kenya, Tanzania na kusini mwa Afrika. Hata kama kila mmoja wao angenunua, si soko la kuifanya kampuni kubwa ikose usingizi. Sotoka ilitishia mabara matatu, na fedha zilipatikana.

Kuna swali lingine, ambalo watu wa hifadhi hulisema kwa sauti ya chini kuliko watu wa mifugo. Ng'ombe akiweza kula uwanda mmoja na nyumbu mwezi wa Februari, nani atampisha mwenzake? Kwa miongo yote hii ugonjwa umekuwa kama mgawanyo wa ardhi ambao hakuna aliyeutia saini: nyumbu wanapata nyasi fupi wakati wa kuzaa, ng'ombe wanapata mabaki. Wafugaji ndio wamekuwa wakilipa gharama ya mpango huo, kwa maziwa yanayopungua, kwa ndigana wanayoipata ng'ombe kwenye vichaka vyenye kupe, kwa vijana wanaolala mbali na boma majuma kwa majuma. Sioni uhalali wa kumwambia mtu aendelee kupoteza ng'ombe ili nyumbu wapate nafasi. Lakini anayedhani kwamba sindano itabadilisha afya ya ng'ombe tu, bila kugusa habari ya nani anakula wapi, asome tena yaliyotokea Serengeti baada ya sotoka.

Hadi hapo chanjo itakapofika, uwandani kipimo kinachotumika ni cha zamani. Ndama wa nyumbu huzaliwa na rangi ya kahawia iliyopauka, karibu rangi ya mchanga, na wanapokaribia miezi mitatu huanza kugeuka weusi kama wazazi wao. Mchungaji husimama mbali, juu ya kichuguu kama kipo, na kutazama kundi. Akiona bado kuna wengi wa rangi ya mchanga, hugeuza ng'ombe wake.